Shajara ya Vigo: kutoka mnadani hadi mteremko wa Mau Narok

Naandika kwa yeyote anayefikiria kununua pikapu ya Toyota Hilux Vigo iliyochoka na kuifufua bila kuuza ng'ombe. Bei zote ni nilizolipa mimi hapa Nakuru mwaka 2025. Kwako zinaweza kupanda au kushuka. Mambo ya kubadilisha balbu na kuosha redieta sitayaeleza, kila mtu anayajua. Nitakaa pale nilipoumia.

18 Januari 2025: Imenunuliwa

Sh 790,000, kwenye mnada wa magari ya shamba moja upande wa Naivasha. Milango minne, dizeli ya 2.5, gia tano za mkono, na kile kirungu cha pili cha kuingiza 4x4. Mita inasoma kilomita 287,400. Klachi inashika juu kabisa, pedali karibu inakupiga goti. Injini ikiwa baridi inatoa sauti ya "chwi chwi chwi" upande wa juu, kama mtu anayepoza chai. Chini ya viti kuna udongo wa kutosha kupanda sukuma wiki.

Kazi niliyoitafutia ni kuleta viazi na kabeji kutoka Mau Narok hadi sokoni Nakuru, na Desemba itupeleke nyumbani Kakamega sote watano bila kugombania viti.

Mama watoto aliizunguka mara moja, akagonga bodi kwa kidole, kutu ikadondoka. "Baba, hii umenunua ama umeokota?" Sikuwa na jibu.

25 Januari: Klachi, na bati ambalo ningelisoma kwanza

Kosa la kwanza lilikuja kabla spana haijashika nati. Nilienda dukani nikasema, "Nipe klachi ya Vigo." Nikapewa boksi, nikalipa Sh 16,500. Gia boksi ilikuwa tayari chini fundi wangu alipoweka pleti mpya kwenye flaiwili. Ilikuwa pana, ikazidi pembeni. Fundi wangu ni mzee wa mtaa wa Shabab hapa Nakuru ambaye hapo gareji kila mtu anamwita Mzee tu. Hakunigombeza. Alifungua boneti, akatia mate kwenye kitambaa, akapangusa bati la namba. "Soma, kijana."

Namba ya chesi inaanza na AHT. Modeli ni KUN25.

Hapo ndipo nilipoelewa gari nililonunua. Hii Vigo ilitoka kwenye mradi wa Toyota uliopewa jina la IMV: chesi moja ya kuzalia pikapu, Fortuner na Innova, iliyokusudiwa kuuzwa katika nchi zaidi ya 140. Ilianza Thailand mwezi Agosti 2004, kisha Indonesia, Argentina na Afrika Kusini zikawa vituo vikubwa vya kuiunda. Kwa hiyo "Vigo" ni jina la ukoo. Herufi tatu za mwanzo za namba ya chesi zinakwambia mtoto alizaliwa wapi: AHT ni Afrika Kusini, MR0 ni Thailand, 8AJ ni Argentina, MHF ni Indonesia. Na modeli inakwambia kilichomo ndani. KUN25 ni injini ya 2.5, yaani 2KD, yenye 4x4. KUN26 ni ile ya 3.0, yaani 1KD, yenye 4x4. KUN15 ni 2.5 inayovuta kwa magurudumu ya nyuma peke yake. Kwa macho zote ni pikapu moja, na muuzaji wa spea naye anatumia macho kama wewe.

Wajapani wenyewe hawakuuziwa kizazi hiki nyumbani kwao. Hilux iliondoka kwenye soko lao mwaka 2004 na haikurudi hadi 2017, na iliporudi ilikuwa ikitokea Thailand. Injini ya 2KD kutoka Japani utaipata, maana waliifunga kwenye Hiace. Lakini mtu akikuletea mlango, taa au springi na kuapa kwamba vimetolewa kwenye Vigo iliyobomolewa Japani, muulize iliendaje huko.

Duka lilikubali kurudisha klachi likanikata Sh 2,500, na haki yao, boksi lilikuwa limeshapata vidole vya grisi. Klachi sahihi Sh 18,000, ufundi Sh 6,000. Tangu siku hiyo picha ya bati iko kwenye simu yangu, na dukani naanza na picha kabla ya salamu.

8 Februari: Ile sauti ya "chwi chwi"

Ukinunua 2KD au 1KD yenye kilomita nyingi, anza hapa. Acha rangi, acha redio.

Kila nozo, ile inayonyunyiza dizeli, imekaa ndani ya kishimo kwenye silinda hedi, na chini yake kuna pete ndogo ya shaba inayoziba moto wa silinda usipande. Pete ikichoka, hewa ya moto inapenya pembeni ya nozo. Unachosikia ni hiyo sauti ya kupoza chai. Usichosikia ni masizi yanayoingia kwenye oili, yanashuka hadi chini kwenye sampu, lile bakuli la oili, na kuganda kwenye wavu ambao pampu ya oili inafyonzea. Siku wavu ukiziba, injini inakosa oili mlimani, na hapo unatafuta injini nyingine.

Tukafungua kava ya juu. Nozo ya pili na ya tatu zilikuwa na lami nyeusi hadi shingoni, tukazitoa kwa kupiga taratibu kushoto kulia. Ziandike namba kwa rangi, kila moja irudi silinda yake. Tukapeleka zote nne kupimwa, Sh 4,000. Zilikuwa sawa, moja ikirudisha dizeli kidogo zaidi ya wenzake lakini si ya kutupa.

Kisha sampu. Ile ya chini, ya bati, inatoka bila kushusha injini. Nilipoona wavu nilikaa kwenye tairi. Karibu nusu ya matundu ilikuwa imezibwa na kitu kama makaa yaliyosagwa. Shamba lilikuwa likibadilisha oili, risiti nilizikuta kwenye dashibodi. Hakuna aliyesikiliza sauti.

Sasa kosa langu. Mzee alikwenda kuswali Ijumaa, mimi nikaona niendelee. Nikaweka pete mpya, nikarudisha nozo, nikafunga kila kitu, oili mpya ndani. Tukawasha. "Chwi chwi chwi." Nozo ya tatu.

Sikuwa nimesafisha kishimo. Chini kabisa, mahali pete inapokaa, palibaki ukoko wa masizi mnene kama ukucha, na pete mpya ikakaa juu yake ikiwa imeinama. Tukafungua upya. Mzee alikata fito ya mti, akaifunga kitambaa chenye grisi kwenye ncha, akaizungusha humo ndani kwa dakika ishirini, akibadilisha kitambaa kila mara hadi kikatoka cheupe. Grisi inashika vipande visidondoke kwenye silinda. Pete za shaba zikishabanwa mara moja hazirudiwi, kwa hiyo tulinunua nne nyingine.

Pete seti mbili na gasketi ya kava Sh 5,800. Oili na chujio Sh 6,200. Gundi ya sampu Sh 900. Ufundi Sh 7,000, na Mzee hakunitoza mara ya pili, ila alinituma chai na mandazi ya gareji nzima. Nimepanga kubadilisha oili hii baada ya kilomita 1,500 tu, itoe masizi yaliyobaki.

22 Februari: Mkanda wa taiming

Shughuli fupi. Mkanda wa injini hii ni mfupi na uko mbele, hauhitaji kubomoa dunia. Kitu kimoja tu: tenshena ya oili, inayokaza mkanda, ibanwe polepole kwenye jiriwa hadi pini iingie. Ukiibana kwa haraka unaiharibu. Mkanda, tenshena na beringi Sh 11,500, ufundi Sh 3,000.

Taa ya T-BELT, inayokumbusha kubadilisha mkanda, haizimiki yenyewe. Inawekwa upya kwa kitufe cha mita, na yangu ilipofunguka ilionyesha 15, maana yake kilomita 150,000. Niliishusha hadi 10. Vumbi la huku silidharau.

15 Machi hadi 5 Aprili: Linazima mlimani

Safari ya kwanza ya kazi. Nilipita Njoro, nikapita Egerton, na kupanda kuelekea Mau Narok likiwa tupu halikuwa na neno. Kurudi ndiko kulikuwa na shida, kwenye vile vilima vinavyopanda kabla ya kushuka, nikiwa na magunia 12. Gia ya tatu, mguu chini, dakika kama ishirini hivi, gari linaishiwa pumzi. Taa ya injini inawaka. Nikisimama pembeni na kuzima, nikahesabu mia, linawaka na kwenda tena kama halijatenda kosa.

Fundi wa umeme alichomeka mashini. Shinikizo la dizeli kwenye reli, lile bomba linalogawia nozo dizeli, linaanguka injini ikivuta. Akasema ni zile vali mbili za kwenye pampu zinazopima dizeli. Kusema haki, ni jambo linalojulikana kwa pampu hizi, na dalili zilifanana. Nikanunua jozi, Sh 17,000. Tukafunga. Wiki iliyofuata, mahali palepale, kando ya kibanda kilekile cha mahindi ya kuchoma, likazima. Mama wa kibanda sasa ananijua kwa sauti ya gari.

Mzee alisikiliza yote haya akimenya ndizi. Akauliza swali moja: "Injini ulishaipa dizeli isiyotoka kwenye tangi lake?"

Sikuwa nimeipa. Tulifunga mtungi wa lita 10 mbele, pembeni ya betri, kwa waya na mpira wa zamani wa tairi, tukatia dizeli safi, tukachomeka bomba la kuingilia chujio humo, na la kurudisha vilevile. Tukapakia magunia yaleyale, tukapanda kwa gia ya tatu mguu ukiwa chini. Halikukohoa hata mara moja.

Kwa hiyo pampu haikuwa na hatia. Tatizo lilikuwa nyuma yake. Tuliposhusha tangi, kwenye mdomo wa bomba la kufyonza palikuwa na utando wa rangi ya kahawa ya maziwa, mchanga, na nyuzi za gunia. Gari lilikuwa likijazwa kutoka kwenye pipa la shambani kwa mpira. Injini ikitembea pole, dizeli inayopita inatosha. Ukiivuta mlimani, utando unanyonywa na kuziba mdomo. Ukizima, unaachia. Ndiyo maana kuhesabu mia kulikuwa dawa.

Kuosha tangi na ufundi Sh 4,000, chujio Sh 1,800, mabomba ya mpira Sh 600. Zile vali mpya nimeziacha mahali pake na za zamani ziko kwenye kopo la maziwa ya unga ndani ya stoo. Ukifika hatua hii, fanya jaribio la mtungi kwanza, linakugharimu waya.

Ukimaliza, toa hewa kwa ile pampu ya kidole iliyo juu ya chujio, bonyeza hadi iwe ngumu. Usimalize betri kwa stata.

26 Aprili: Springi, na breki iliyodanganywa

Hapa nilikaribia kulala shimoni, kwa hiyo nitaeleza polepole.

Gunia la viazi kisheria ni kilo 50. Ukifika shambani unakuta lumbesa, lenye kichwa kilichoshonwa kwa kamba, na mwenye viazi anakwambia "hilo ni hamsini" bila kupepesa jicho. Magunia yangu 16 nilipoyapima kwa mizani ya soko yalizidi tani. Nyuma ya gari ilikuwa imelala, taa za mbele zinamulika miti.

Nikafanya kama wafanyavyo wote. Nikaongeza lifu moja, yaani bati la springi, kila upande, zile nene, Sh 7,000 na ufundi Sh 2,000 kwa jamaa wa springi. Nyuma ikainuka kama sentimita 5. Nikapakia 16 tena, gari limesimama wima, zuri. Nilipiga picha.

Kushuka kuelekea Njoro, mvua imenyesha, nilianza kunusa kitu kama kitambaa kinachoungua kwenye pasi. Pedali ya breki ikawa ndefu. Nikapiga tena, ikawa ndefu zaidi. Nilishusha gia hadi ya pili, injini ikalia, nikasimama kwenye uwazi wa lango la shamba la mtu. Diski za mbele zilikuwa zinatoa moshi mvua ikizigusa. Magurudumu ya nyuma niliyagusa kwa kiganja yakiwa na vuguvugu tu. Kijana wangu wa kupakia alishuka, akaenda akasimama mbali, upande wa pili wa barabara.

Jioni Mzee aliingia chini ya gari na tochi mdomoni. Alipotoka alisema, "Springi umeiongeza. Breki umeiambia?"

Gari hili halina ABS, ule mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukipiga breki. Badala yake, juu ya ekseli ya nyuma kuna vali yenye fimbo iliyoshikana na ekseli. Bodi ikilala kwa mzigo, fimbo inasukumwa, vali inaruhusu nguvu zaidi kwenda breki za nyuma. Bodi ikiwa juu, vali inajua gari ni tupu na inabana, ili magurudumu ya nyuma yasijifunge ukateleza. Mimi nilipoinua bodi kwa lifu, niliifanya iamini gari ni tupu, huku juu kuna tani na ushei. Breki za mbele zikabeba kila kitu peke yake.

Tulichofanya: tumetoa zile lifu. Ndiyo, Sh 9,000 zimekwenda. Kiungo cha fimbo kina nati ya kurekebisha urefu, nasi tumekirudisha kwenye kipimo chake, maana kumbe mtu kabla yangu naye alishakichezea. Dramu za nyuma tulikuta silinda ndogo zote mbili zinavuja na shuu zimelowa. Diski zimechongwa, padi mpya, shuu mpya, silinda mpya, mafuta ya breki mapya. Padi Sh 3,500, kuchonga Sh 2,000, shuu Sh 3,800, silinda Sh 3,200, mafuta Sh 700, ufundi Sh 3,000.

Ukitaka kubaki na lifu, basi fimbo ya vali nayo irekebishwe siku hiyohiyo na mtu anayejua anachofanya, kisha ujaribu ukiwa na mzigo mahali tambarare. Mimi nimechagua njia nyingine: magunia 14, yaliyopimwa, yasiyo na kichwa. Mwenye viazi mmoja alikataa kuniuzia hivyo. Wawili wamekubali.

31 Mei: Ukaguzi

Pikapu ya biashara inakaguliwa kila mwaka. Niliipeleka nikiwa na kiburi cha breki mpya, ikaanguka kwa breki ya mkono: waya ulikuwa umekwisha na mimi nilikuwa nategemea gia kila nikiegesha. Waya Sh 2,600. Kabla ya kurudi tulibadilisha bushi za mkono wa chini na boljointi za mbele, maana Mzee alishika gurudumu akalitikisa, nalo likacheza. Sh 9,400, na kupanga magurudumu Sh 1,500. Mara ya pili ilipita.

5 Julai: Ilipofika

Kilomita 293,150. Oili imebadilishwa mara ya pili. Ile ya kwanza ilitoka nyeusi tititi, hii ya sasa bado unaona rangi ya dipstiki ndani yake. Hakuna "chwi chwi". Mlima unapandwa kwa gia ya tatu, na mama wa mahindi analalamika siku hizi simsalimii.

Matumizi niliyoandika hapa baada ya kununua: Sh 127,000. Kati ya hizo, Sh 29,500 ni ada ya shule yangu: 2,500 za klachi, 1,000 za pete za shaba, 17,000 za vali, 9,000 za springi.

Kilichobaki ni mlio wa chini nikiingiza 4x4 kwenye matope. Mzee anasema ni krosi ya shafti ya mbele, mimi naona ni beringi. Tumewekeana chai. Na bodi: kona ya nyuma kushoto sasa unaona barabara, na viazi vidogo vimeanza kushuka kabla ya kufika sokoni. Jumamosi ijayo shemeji anakuja na grainda, tunakata hadi tupate bati linalolia likigongwa. Mama watoto amesema atagonga yeye.